Ishara ya ajabu? Iulize kwanza inafuata saa ya nani

Hii hotuba niliitoa Jumamosi kwenye sale ya parokia, komini ya Kenya, hapa Lubumbashi, mbele ya vijana wa elektroniki na wazazi wao. Wengi mmeniandikia kwamba mvua iliwafungia nyumbani, basi naiweka yote vile ilivyotoka mdomoni. Picha za projekta hamzioni, lakini hata waliokuja hawakuziona, kuran, yaani umeme, ilikatika kwenye picha ya pili.

Bapapa na bamama, ba yaya, vijana, na nyinyi wadogo mliokaa chini hapo mbele, habari za mchana. Mnanisikia kule nyuma? Kama hamnisikii mpige kelele, mikro imekufa na kuran yake.

Niwaulize. Nani humu ndani aliwahi kusikia kitu kwenye redio ambacho hakujua kimetoka wapi? Inueni mikono. Eeh, wengi. Na nani alifikiri ni pepo? Mnacheka, lakini naona mama mmoja mkono wake uko juu na hashushi, aksanti mama, wewe ni mtu wa kweli.

Mimi nilikuwa kijana wa foni. Watoto hawajui foni ni nini, niwaeleze mbio mbio: kabla ya simu za mkononi, ukitaka kuongea na mtu wa Kolwezi, wa Kalemie, wa Mbuji-Mayi, ulikuja kwenye kibanda chetu Kamalondo, ukalipa, ukangoja zamu, halafu ukalia shida zako zote kwenye redio ya mawimbi mafupi na mji mzima unasikia. Ulisema neno, ukasema "ovaa", ukangoja. Ndoa zilifungwa pale, ndoa zilivunjika pale, bei ya mahindi ilipanda pale pale.

Sasa, kila siku saa kumi na mbili jioni, sauti ilikuwa inaingia. Trrrr, trrrr, trrrr. Inakaa mpaka usiku, inapotea. Bosi wangu alisema ni Warusi na satelaiti yao. Mzee mmoja mteja alisema hapana, ni wafu wa mgodi. Mimi sikusema kitu, nilinunua kaye, daftari, nikaanza kuandika. Siku, saa, dakika. Wiki tatu. Na kila siku ilikuwa ile ile, saa kumi na mbili kasoro kidogo, kama mtu anayekwenda kazini. Jumapili inachelewa. Mnaona? Pepo gani anachelewa Jumapili?

Halafu siku moja kuran ikakatika kata nzima. Sisi foni yetu ilikuwa inakula betri ya gari, kwa hiyo tuliendelea kufanya kazi. Na sauti? Hakuna. Safi kabisa, unasikia Kalemie kama yuko kwenye kiti cha jirani. Kuran ikarudi, trrrr, trrrr. Nikatoka nje, nikatazama, na mbele yangu kulikuwa na neon ya buveti ya bia, ile taa ndefu ya bango, inakufa inafufuka, inakufa inafufuka, starta yake imeoza. Mwenye buveti alikuwa anaiwasha saa kumi na mbili akifungua, na Jumapili anafungua akitoka misa ya jioni.

Warusi wetu walikuwa wanauza bia.

Mnacheka, chekeni, lakini shikeni hiyo kaye yangu vizuri kwa sababu leo yote nitakayosema imo ndani yake. Ile sauti ilikuwa na saa yake. Haikuwa saa ya mbingu, ilikuwa saa ya buveti. Na mtu yeyote anayesikiliza mbingu, awe fundi wa Kamalondo ama profesa wa Australia na sahani yake ya mita 64, swali la kwanza ni hilo hilo: hii ishara inafuata saa ya nani?

Nimetaja Australia, twende huko. Wana darubini ya redio inaitwa Parkes. Kuanzia mwaka 1998 walikuwa wanapata ishara fupi sana, zinafanana na zile za kweli zinazotoka mbali sana angani, mbali hata nje ya galaksi yetu. Wakazipa jina, perytons. Watu wenye akili walikaa nazo miaka na miaka. Mwaka 2015 mwanafunzi mmoja, Emily Petroff, na wenzake, wakafanya kama kaye yangu, wakaangalia saa. Na saa ilisema nini? Ishara zinakuja siku za kazi. Mchana. Saa ya watu kula! Mnajua ilikuwa nini? Foro ya mikro-onde, wengine wanasema mikrowevu, ya jikoni pale pale kituoni. Mtu anapasha chakula chake, njaa inamuuma, hangoji ile "ting", anavuta mlango kabla haijazima, na kwa kanukta kale kidogo mawimbi yanatoroka na kuingia kwenye darubini. Ndiyo hivyo bana. Saa ya bukari, saa ya ugali.

Lakini mmeniita hapa niongee juu ya satelaiti, siyo juu ya bukari, basi tupande juu.

Mwaka 2017, mwezi wa 5, kwenye kisiwa cha Puerto Rico, ile darubini kubwa ya Arecibo, sahani ya mita 305, ilikuwa inaangalia nyota inaitwa Ross 128. Nyota ndogo, nyekundu, iko miaka 11 ya mwanga kutoka hapa, yaani mwanga wake unasafiri miaka 11 kutufikia, kwa mambo ya nyota hiyo ni jirani wa parsele moja. Waliiangalia dakika kumi tu. Wakapata mawimbi ya ajabu, yanapanda yanashuka, na kwenye nyota zingine hawakuyaona. Dunia nzima ikaanza kupiga kelele. Je, kuna watu kule? Profesa Abel Méndez, aliyeongoza ile kazi, alisema tangu mwanzo kwamba wageni wa anga wako mwisho kabisa wa orodha yake, lakini nani anasoma mwisho wa orodha? Wakarudi kuangalia tena, na darubini nyingine zikasaidia. Jibu likawa: satelaiti. Zile zinazokaa mahali pamoja.

Juu ya nini satelaiti ziwe mbele ya nyota ile na zisiwe mbele ya nyingine? Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu hili jambo ni letu, tunaliona kila siku kwenye mabati yetu bila kulijua.

Mmeshajiuliza kwa nini parabola zote za Katuba zinaangalia upande mmoja? Fundi akija kukuwekea televisheni, anageuza sahani kidogo kidogo, mtoto yuko ndani anapiga kelele "bado! bado! hapo hapo!", akifunga boloni imekwisha, hata miaka mitano hagusi tena. Satelaiti haitembei? Inatembea sana, lakini iko juu kilometa karibu 36,000, na kule inazunguka dunia kwa muda ule ule dunia inajizungusha, kwa hiyo kwako wewe inaonekana imesimama kama msumari. Na msumari huo hauwezi kupigwa popote. Lazima uwe juu ya ikweta. Kwa hiyo zote, za televisheni, za simu, za jeshi, zimepanga mstari mmoja kuzunguka dunia, kama wamama wa soko wamepanga meza kando ya barabara. Sasa ile Ross 128 kwenye mbingu iko karibu kabisa na mstari huo. Ukiitazama, unachungulia katikati ya meza za wamama. Na ukipata harufu ya samaki, utasema imetoka kwa nyota?

Kuna kitu kingine, na hiki nimekigombania mpaka na bibi yangu nyumbani. Mara mbili kwa mwaka, karibu na mwezi wa 3 na mwezi wa 9, picha ya televisheni inapotea mchana, dakika chache, kesho tena, kesho kutwa tena, halafu inaacha. Watu wanapanda juu ya nyumba na nyundo. Wanamwita fundi. Wanatukana kampuni. Shukeni chini! Ni jua. Jua linapita nyuma ya satelaiti yako kwenye mstari ule ule, na jua lenyewe linatoa mawimbi ya redio mengi sana, linafunika kile kisauti kidogo cha satelaiti. Muone vile inageuka: kule Arecibo satelaiti ilisumbua anayesikiliza mbingu, na hapa Katuba mbingu inasumbua anayesikiliza satelaiti. Anga ni moja, hakuna ukuta.

Warusi pia walishaonja. Mimi nawapenda Warusi kwa hili, sababu bosi wangu wa foni angefurahi. Wana darubini inaitwa RATAN-600, kule Caucasus. Mwezi wa 5 mwaka 2015 ikapata ishara moja upande wa nyota HD 164595, umbali miaka kama 95 ya mwanga. Mara moja tu. Habari ikalala mwaka mzima, mwezi wa 8 mwaka 2016 ikatoka kwenye magazeti ya dunia yote, "ishara yenye nguvu kutoka kwa nyota inayofanana na jua letu". Wengine wakageuza darubini zao huko, wapi, kimya. Mwishoni wanasayansi wa Urusi wenyewe wakasema ilikuwa ya hapa hapa duniani, na inawezekana sana ni satelaiti ya jeshi ya zamani ya Kisovieti ambayo haikuandikwa kwenye orodha. Kumbe! Mzee alificha kitu mwenyewe, akasahau alikificha wapi, halafu watoto wake wakakikuta wakafikiri ni hazina ya mfalme.

Sasa sikilizeni. Zile satelaiti nilizotaja mpaka sasa ziko hai, ama mtu aliziacha zikifanya kazi. Lakini kuna zilizokufa. Nasema zimekufa, wenyewe wamezifuta kwenye vitabu, waliozitengeneza wengine wamezikwa. Na zinasema.

Hapana, mama, siyo pepo. Ngoja.

Mwaka 1965 Wamarekani walirusha satelaiti ya majaribio inaitwa LES-1. Haikufika mahali pake vizuri, na mwaka 1967 ikanyamaza. Kwisha. Miaka 46 baadaye, mwaka 2013, mtu mmoja wa Uingereza, mpenda redio tu, siyo profesa, anaitwa Phil Williams, akaisikia. Sauti yake ilikuwa inapanda inashuka, inalia kama mtu anayebembelezwa, kwa sababu ile satelaiti inajipindua pindua angani kila sekunde nne hivi, na ikigeuka vipande vyake vinaziba jua kwenye sahani za solari, kuran inapungua, ikigeuka tena kuran inarudi. Unaona? Tena neon. Inakufa inafufuka, inakufa inafufuka. Kama mngekuwa hamjui, usiku, peke yako, masikioni una kitu kinalia kila sekunde nne kutoka angani, ungelala?

Na ikafufuka vipi? Nitawaeleza kwa nyingine, maana hiyo inaeleweka zaidi na ndiyo mpenzi wangu. Inaitwa AMSAT-OSCAR 7, tuseme AO-7. Ilirushwa tarehe 15 Novemba 1974, ilitengenezwa na wapenda redio kama sisi. Mwaka 1981 betri zake zikapiga shoti. Nyinyi mafundi mnajua: betri ikipiga shoti inakunywa kuran yote, solari inatoa, betri inameza, mashine haipati kitu. Ikafa. Miaka 21 imelala. Halafu mwezi wa 6 mwaka 2002, mtu akaisikia tena. Kilichotokea: ile betri iliyooza ikaendelea kuoza mpaka ikakatika ndani kabisa, ikaacha kuwa shoti, ikawa waya iliyokatwa. Na sasa solari ikipata jua, kuran inapita moja kwa moja mpaka kwenye mashine! Ikiingia kwenye kivuli cha dunia, inazima. Ikitoka, inaamka. Mimi niko na jirani ana redio hivyo hivyo, betri imekufa lakini ukiweka kwenye jua inaimba, wingu likipita inanyamaza katikati ya wimbo.

Sasa fikirini mtu ambaye hana habari. Anapata ishara ambayo haiko kwenye orodha ya satelaiti zinazofanya kazi. Orodha inasema: imekufa. Atasema nini? Atasema siyo satelaiti.

Hiyo haijanishangaza sana kama ya mwaka 2024. Hii ni ya juzi, wadogo mliokaa hapo mbele mlikuwa mmeshazaliwa, usiniambie ni hadithi ya babu. Tarehe 13 Juni 2024, magharibi ya Australia, kuna darubini inaitwa ASKAP, sahani 36 zimetawanywa kwenye jangwa. Kazi yake moja ni kuwinda vile vipigo vifupi vya redio kutoka galaksi za mbali, vinapiga sehemu ya elfu ya sekunde basi, na siri yake bado haijaisha yote. Siku ile wakapata kipigo kikali, kwa ule muda mdogo kilishinda kitu kingine chochote kwenye mbingu. Wakashangilia. Lakini urefu wake ulikuwa chini ya nanosekunde 30. Kata sekunde moja vipande bilioni, chukua vipande 30. Na walipojaribu kutengeneza picha yake, picha ikatoka ukungu.

Ukungu huo ndio uliotoboa siri. Shika simu yako, weka kidole mbele ya kamera karibu sana, piga picha. Inatoka nini? Ukungu. Kamera imezoea vitu vya mbali. Zile sahani 36 nazo zimezoea nyota, na nyota iko mbali kiasi kwamba wimbi lake linafika limenyooka kama bati. Kitu cha karibu wimbi lake linafika limepinda kama sufuria, kila sahani inalipata kwa muda wake, picha inavurugika. Profesa Clancy James na wenzake wakapiga hesabu, wakapata umbali: kilometa kama 4,500. Siyo miaka ya mwanga. Kilometa! Ni kama kutoka hapa mpaka Cairo, kasoro kidogo. Wakaangalia nini kilikuwa pale wakati ule. Kulikuwa na Relay 2, satelaiti ya NASA, ilirushwa mwezi wa 1 mwaka 1964, ikafa mwaka 1967.

Nani alikuwa amezaliwa 1964 humu? Papa, nakuona, wewe na yeye mko rika moja, na wewe bado unaongea.

Lakini hii haikufufuka kama AO-7. Nanosekunde 30 hakuna mashine ya mwaka 1964 iliyoweza kutoa ishara fupi hivyo. Wanafikiri ni moja kati ya mambo mawili. Ama umeme uliojikusanya kwenye ngozi ya satelaiti ukaruka, kama vile msimu wa baridi ukivua pulova ya nailoni gizani unaona vicheche. Ama kijiwe kidogo sana cha anga kiliipiga kikageuka moshi wa moto na kutoa mawimbi. Mimi moyo wangu uko kwa umeme wa pulova. Kwa hiyo hata kopo tu lililokufa, halina betri, halina mashine, linaweza kupiga kelele mara moja na kudanganya wataalamu.

Sasa mtaniuliza, fundi, kama kila kitu ni satelaiti, ni mikrowevu, ni neon, si tuzime redio twende nyumbani? Juu ya nini kusikiliza?

Basi rudini kwenye kaye yangu. Mwaka 1967, Uingereza, pale Cambridge, kulikuwa na binti mwanafunzi, Jocelyn Bell. Alisaidia kujenga antena kwa mikono yake, miti zaidi ya elfu moja na waya, eneo kama hekta mbili, na mashine ilikuwa inamwandikia kwenye karatasi, kama mita 30 za karatasi kila siku, na yeye anapita nayo kwa macho. Akaona kauchafu kadogo. Mtu mwingine angepita. Yeye akakumbuka: hiki nilishakiona, upande huu huu wa mbingu. Walipoweka karatasi iende mbio zaidi, wakaona kinapiga, tik, tik, tik, kila sekunde 1.337, hakichoki, hakikosei. Wakakipa jina la utani, watu wadogo wa kijani.

Na walifanya nini? Waliuliza ya karibu kwanza. Je, ni rada imegonga mwezi ikarudi? Je, ni satelaiti iko kwenye njia ya ajabu? Kulikuwa hata na jengo kubwa la mabati karibu ya antena, wakauliza, je, ni mabati? Mabati, jamani! Mpaka Cambridge watu wanashuku mabati.

Lakini ile ishara ilikuwa na saa, na hapa ndipo nataka hata wale wanaosinzia waamke. Haikuja saa ile ile kila siku. Ilikuja mapema dakika nne. Kesho tena mapema dakika nne. Baada ya siku 15, saa nzima. Nani anaishi kwa saa ya namna hiyo? Buveti? Buveti inafungua saa kumi na mbili. Mfanyakazi na chakula chake? Saa ya kula haisogei. Satelaiti ya chini? Ile inazunguka kila dakika 90 hivi, ya juu ya ikweta imesimama. Ni nyota peke yake zinazopanda mapema dakika nne kila siku. Jaribuni wenyewe: chagueni nyota moja juu ya paa la jirani, andikeni saa inapotokea, kesho mtaona. Wakulima wetu wanajua hii bila kaye, wanajua nyota gani ikitokea jioni ni wakati wa kuchoma shamba.

Kwa hiyo ile ilikuwa nyota kweli, nyota iliyokufa inajizungusha kama pia, tunaita pulsa. Mwezi wa 12 akapata ya pili upande mwingine wa mbingu, watu wa kijani wakaisha. Mwaka 1974 zawadi ya Nobel ikaenda kwa msimamizi wake Antony Hewish pamoja na Martin Ryle. Binti hapana. Mimi hiyo mpaka leo inanikera, nasema waziwazi. Mwaka 2018 alipewa zawadi nyingine, dola milioni tatu, akazitoa zote zisomeshe wanafunzi wa fizikia ambao hawapati nafasi.

Na kuna moja bado imetushinda. Tarehe 15 Agosti 1977, Ohio, Marekani, ishara ya sekunde 72, karibu na megaherzi 1420. Jerry Ehman aliiona kwenye karatasi akaandika pembeni "Wow!", sisi tungeandika "Yooo!". Ile darubini haikuwa inageuka, ilingoja mbingu ipite mbele yake, na nyota ikipita inachukua sekunde 72 hizo hizo kupanda na kushuka. Kwa hiyo kwa sekunde 72 ilifuata saa ya nyota. Vizuri kabisa. Lakini haikurudi. Walitafuta na kutafuta. Kaye yenye mstari mmoja, unaifanyia nini?

Mwaka ule ule 1977, tukumbushane, hapa hapa Shaba, ndivyo Katanga ilivyoitwa wakati ule, kaskazini, Wajerumani wa kampuni ya OTRAG walikuwa wanarusha roketi, rais Mobutu aliwapa eneo kubwa. Walitaka kuuza safari za satelaiti kwa bei ya chini. Ya tatu, mwezi wa 6 mwaka 1978, ikageuka ikaanguka mbele ya macho yake, na mwaka uliofuata wakafukuzwa. Nasema hii sababu watoto wanafikiri mambo ya anga ni ya watu wengine. Njia ya satelaiti ilikaribia kupita Katanga, bana.

Sasa neno moja juu ya leo, halafu tutoke. Mnajua zile sahani bapa za intaneti, Starlink, tangu serikali iziruhusu mwaka 2025 zinaonekana hata kwenye nyumba za mbavu za mbwa. Juu kuna satelaiti zake zaidi ya 7,000. Mimi sizilaumu, hata mwenye kibanda cha foni wa zamani anataka intaneti. Lakini mwaka 2023 wanasayansi wa Ulaya wenye darubini ya LOFAR, Uholanzi, walisikiliza satelaiti 68 za Starlink, na 47 kati yake zilikuwa zinavujisha mawimbi ambayo hata hazikukusudia kuyatoa, ni elektroniki yake tu inanguruma ndani, kama jenereta bila silensa. Kizazi kipya kikaja, mwaka 2024 kikapimwa, kelele imepanda mpaka mara 32. Na Afrika Kusini na Australia wanajenga darubini kubwa ya SKA, nchi nane nyingine za Afrika ni washirika, Zambia imo. Zambia! Ukitoka Kasumbalesa umefika. Sisi hatumo. Kwa hiyo wakianza kuuliza "hii kelele ni ya nani", vijana wa ng'ambo ya bariere watakuwa mezani na nyinyi mtakuwa mnaangalia kutoka huku.

Naona yaya ananionyesha saa. Saa ya parokia, hiyo nayo haina dakika nne za kuazima, harusi inaingia saa kumi.

Twendeni uwanjani, mvua imeisha, na hata ingekuwepo mawimbi ya megaherzi 145 hayaogopi mvua. Vijana wametengeneza antena kwa mita ya seremala na bomba la plastiki, msiikanyage. AO-7 inapita juu ya Lubumbashi muda si mrefu, iko kilometa kama 1,450 juu, ina miaka zaidi ya 50, betri hakuna, jua tu. Ikija, sauti yake itaanza nyembamba na itakuwa inashuka kidogo kidogo, kama piki piki ya manseba inapokukaribia halafu inakupita. Ikishuka hivyo, ndiyo yenyewe. Isiposhuka, ikikaa pale pale inasema trrrr, trrrr, basi mtoto mmoja akimbie amwambie padri azime jenereta yake.